Kompyuta Aliyoinusa Loisi

Loisi Ndahani ana pua. Ulizia soko zima la Kibaigwa, watakuambia hivyo hivyo, na hawamaanishi kwamba anaringa. Kwa miaka kumi na saba mwanamke huyu amewapimia mahindi matajiri wanaoshuka na malori yao na haraka zao, watu wasioweza kutofautisha gunia jema na gunia la hila. Anashika bambo, kile chuma chembamba chenye ncha na tundu, analichoma gunia mdomoni, analichoma tumboni, analichoma kitakoni, na kila mara bambo linamletea punje kiganjani. Anaziuma. Anazinusa. Akiwa bado na wasiwasi anazamisha mkono hadi kwenye kiwiko asikie kama ndani kuna joto, maana mahindi yasiyokauka yakifungiwa hujipika yenyewe. Halafu anasema neno moja tu, "Chukua," au "Acha," na tajiri mwenye tumbo lake na simu zake tatu anatii.

Sasa mwanamke huyo huyo, akiwa na miaka thelathini na tisa na watoto watatu, si akawa mwanafunzi wa chuo kikuu! Msiniulize aliwezaje. Kidato cha nne alifeli akiwa msichana, akakirudia akiwa na miaka thelathini na moja, akasoma stashahada akiwa na mtoto mgongoni, na mwaka huu akapata nafasi chuoni Chimwaga, kule Dodoma, kusomea uchumi wa kilimo. Sokoni walicheka hadi wakashika mbavu. Mpakiaji mmoja alimuuliza kama huko chuoni wana mahindi yanayoongea Kiingereza.

Aliyekataa kucheka ni mumewe, Yotham, mtu wa maneno machache kweli kweli. Siku Loisi aliporudi nyumbani na habari kwamba mhadhiri wa takwimu, Dkt. Wambura, anataka kila mwanafunzi awe na kompyuta yake, Yotham alitoka akaenda kusimama zizini. Jumamosi ilipofika alilitoa zizini dume lake la pekee la ng'ombe, akaenda nalo mnadani, akarudi na kamba tu. Fedha alimkabidhi mkewe zikiwa zimefungwa kwenye pindo la khanga.

"Kanunue," alimwambia. "Lakini uelewe, Mama Damas, dume jingine hatuna."

Mambo yalikuwa hivi. Dkt. Wambura alikuwa ametangaza jaribio la vitendo, wiki tano mbele. Programu ya takwimu iwe imo ndani ya mashine, mashine iwe mkononi mwa mwanafunzi. Asiye na mashine hana alama, na asiye na alama atarudia somo mwakani. Kwa vijana wenzake mwakani ni mwakani tu. Kwa Loisi hakukuwa na mwakani. Ada waliyoikamua ilitosha mwaka huu, na nafasi yake sokoni alikuwa ameishikilia binamu mmoja ambaye tayari alishaanza kuizoea. Akikosea kununua, anarudi Kibaigwa na yule mpakiaji anapata la kusema mpaka uzeeni.

Na jamani, alikaribia sana kukosea.

Kosa lilianzia kwa kiongozi wa darasa, kijana wa miaka ishirini na moja aitwaye Ernest, mwenye miwani na moyo mzuri na mdomo usiopumzika. "Mama, wewe chukua kishikwambi," alimshauri. "Laptopu utaiwezea wapi? Kishikwambi unagusa tu. Hata mimi nacho, programu naiingia kwa intaneti, raha mustarehe."

Loisi akaitikia. Unajua kwa nini? Kwa sababu alijiaminisha kwamba kwenye mambo ya kompyuta watoto ndio wakubwa, na yeye ndiye mtoto. Akili zake zote za miaka kumi na saba akazivua kama ndala mlangoni, akaenda mjini peku. Aliandamana na Stara, binti wa Chang'ombe aliyekuwa akikaa naye dawati moja, mcheshi, mwenye kumwita mama kwa dhati kabisa.

Duka lilikuwa la vioo na baridi ya mashine. Kijana aliyevaa tai aliwatolea kishikwambi chenye kibodi yake ya kubandika, kinang'aa hadi unaona meno yako.

"Hiki ndicho chenyewe, mama. Chepesi, cha kisasa."

"Kinaweza kuendesha programu ya takwimu?" Loisi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mama, hiki kinaendesha kila kitu."

Pindo la khanga lilikuwa limeshafunguliwa. Vidole vilikuwa vimeshashika noti. Lakini hilo "kila kitu" lilimkaa vibaya masikioni. Kibaigwa, muuzaji anayekuambia gunia zima liko hivi hivi ndiye unayemchomea gunia mara mbili.

"Basi naomba tujaribu, mwanangu. Nina flashi hapa, programu imo."

Kijana akatabasamu, lile tabasamu la kumbembeleza mtoto. "Hivi si vitu vya kujaribujaribu, mama. Ni mambo ya kitaalamu. Ukishalipa, mafundi wetu watakuwekea."

"Samahani," Loisi akasema, akafunga pindo, akatoka.

Nje jua lilikuwa linawaka na vumbi linapita. Alitembea hatua kama ishirini, akasimama ghafla katikati ya njia, mwenye baiskeli akamkosakosa.

"Stara! Nimemwomba msamaha?"

"Umemwomba, mama."

"Kwa kosa gani?"

Loisi alikuwa amewaka hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya yule kijana wa tai. Alijikasirikia mwenyewe. Yeye, aliyewahi kurudisha lori zima la mahindi kwa punje sita, amesimama mbele ya kabati la kioo akiomba radhi kwa kutaka kujua anachonunua! Alisonya msonyo mrefu ambao uliwageuza shingo wapita njia.

"Niambie, hapa mjini ni wapi wanauza kompyuta mtu akaruhusiwa kuishika?"

"Kuna mjomba wangu Khamisi, kule kwetu," Stara akasema kwa kusitasita. "Ila zake ni za mtumba."

"Hata mahindi yangu panya anaonja kwanza. Twende."

Duka la Khamisi ni chumba kimoja Chang'ombe, kati ya saluni na mama muuza chapati. Mwenyewe ni mtu wa makamo, mpole, kofia haimtoki kichwani. Stara alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na Loisi akakaribishwa kiti. Hakukaa. Alikunja mikono ya blauzi yake, na Stara alituambia baadaye kwamba hapo hapo alimwona mama yake wa darasani akigeuka kuwa mtu mwingine.

"Kaka Khamisi," alisema, "mimi ni mpimaji wa mahindi. Sitaki unisifie bidhaa. Niwekee hapa, niachie nizipime. Nikiharibu nalipa."

"Pima mpaka uchoke, dada yangu," Khamisi akajibu, na baada ya dakika tano akaanza kujutia ukarimu wake.

Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba. Khamisi alisema hiyo wanafunzi wanaigombania. Loisi akachomeka flashi, Stara akamsaidia kuiingiza programu, kisha wakafungua zoezi la Dkt. Wambura, jedwali refu la bei za nafaka za miaka mingi na masoko mengi. Likafunguka vizuri. Stara akapiga makofi.

"Ngoja kwanza," Loisi akamwambia. "Huo ni mdomo wa gunia."

Akaipa hesabu. Ikamaliza, akaipa nyingine nzito zaidi, na nyingine, haipumziki. Yeye mwenyewe akaingiza kiganja chini ya tumbo la mashine akakiacha pale, macho kayafumba. Wateja wawili wakaingia, wakasimama kutazama. Baada ya robo saa feni ikaanza kulia kama mbuzi aliyefungwa. Loisi akainyanyua ile kompyuta kwa mikono miwili, akaileta puani, akavuta pumzi.

Kicheko kilichopasuka hapo kilimtoa mpaka mama wa chapati na mwiko wake mkononi.

"Hii imeungua," Loisi akasema.

"Dada, hilo vumbi tu!" Khamisi akaja juu.

"Vumbi la Dodoma nimelila tangu nazaliwa, nalijua. Hii ni harufu ya waya."

Khamisi, kwa kutaka kumwaibisha, akachukua bisibisi akaifungua mbele ya kadamnasi. Pembeni ya feni palikuwa na kipande kimeungua, cheusi tii. Hakucheka mtu tena. Khamisi akavua kofia, akajikuna, akaivaa.

"Subhanallah," akasema taratibu. "Kumbe na mimi niliuziwa hivi hivi."

Kuanzia hapo hakumharakisha tena. Akamletea ya pili mwenyewe. Loisi akabonyeza kitufe kimoja baada ya kingine, mstari kwa mstari, bila kuruka hata kimoja, na herufi N ikagoma. "Naitwa Ndahani," akamwambia Khamisi. "Unataka nikajiandikishe Dahani?" Watu wakacheka, lakini sasa walikuwa wanacheka upande wake.

"Na ile pale chini ya meza, uliyoitegeshea kikombe cha chai?"

"Hiyo? Hiyo sura mbaya, dada. Ilitoka ofisini huko, nzito, ina mikwaruzo. Hakuna mwanafunzi anayeitazama. Mimi nasikilizia kaswida tu."

"Toa kikombe."

Ilikuwa nyeusi, nene, na mgongoni ina mikwaruzo kana kwamba iliwahi kulaliwa na mbuzi. Wakaipa programu, ikameza. Wakaipa hesabu zile zile zilizoitoa jasho ile ya fedha, ikazifanya kimya kimya. Stara akaangalia memori, akasema ni mara mbili ya ile ya kwanza. Vitufe vyote viliitika. Kiganja cha Loisi kikakaa chini ya tumbo nusu saa kisisikie zaidi ya uvuguvugu. Pua nayo haikupata la kulalamikia.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Loisi akachomoa chaja ukutani.

"Kaka, nenda kasali. Na wewe Stara nenda. Mimi nabaki naifanyisha kazi bila waya. Betri ndiyo kitako cha gunia, na wengi wanalizwa hapo."

Basi wakamwachia duka. Fikiria, mtu na duka lake la kompyuta analiachia mwanamke aliyemjua asubuhi ile ile! Alikaa pale akiipa mashine hesabu, akimwambia kila aliyeingia kuulizia chaja kwamba mwenyewe yuko msikitini, asubiri. Waliporudi, wakala wali maharage pamoja, mashine inaendelea. Saa nane na nusu Khamisi akainama kutazama betri. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu.

"Chukua," Loisi akasema kwa sauti, akijiambia mwenyewe. Na furaha aliyoisikia hakuwahi kuisikia mbele ya gunia lolote.

Khamisi alimpunguzia bei hata kabla hajaombwa, kwa sharti kwamba kabla ya kuondoka amnusie zote zilizobaki kwenye rafu. Alizinusa zote. Tatu zikawekwa pembeni.

Darasani, hata hivyo, shujaa wetu hakupokelewa kwa shangwe. Aliitoa ile nyeusi mkobani, ikatua mezani kwa kishindo, na Ernest akageuka.

"Mama! Umekuja na tofali?"

Darasa zima likacheka. Loisi naye akacheka, maana ungefanyaje? Lakini iliuma. Tusidanganyane, iliuma sana. Jioni ile alimpigia Yotham akamwambia mashine ni nzuri, akamwambia tena kwamba ni nzuri, na Yotham, ambaye si mtu wa maneno, akasema, "Kama umepima wewe, mimi naenda kulisha mbuzi."

Alifanya mazoezi kila siku, darasani, maktaba, hata wakati wa kusukwa nywele. Zile wiki zilizobaki zikaisha.

Siku ya jaribio alikuwa anatokea Kibaigwa, alikokwenda kumwona mtoto aliyeumwa homa. Lori lilikuwa limelala njiani na foleni haisogei. Alipoingia ukumbini anahema, vijana zaidi ya mia mbili walikuwa wameshakaa, na kila kiti cha ukutani kilikuwa na mtu. Ukutani ndiko kulikokuwa na soketi. Katikati ya ukumbi kulibaki kiti kimoja peke yake, hakuna waya, hakuna chochote. Stara alimtazama kwa huruma kutoka kule pembeni. Jaribio lilikuwa la muda wa saa tatu nzima.

"Kaa, mama, muda unakwenda," Dkt. Wambura akamwambia.

Akakaa. Kama betri ingezimika saa ile, dume la Yotham limekwenda, ada imekwenda, miaka nane ya kurudi shule imekwenda. Akawasha mashine, akafungua jedwali, akaanza.

Saa ya kwanza haikwisha vizuri kwa wengine. Vijana wenye soketi walikuwa wanazigombania, watatu kwa tundu moja, waya zimesokotana kama mizizi. Kompyuta nyembamba zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine, wenyewe wanatambaa chini ya meza kutafuta umeme. Halafu intaneti ikafa. Watu mia mbili wameing'ang'ania, ingefanyaje? Ernest akanyoosha mkono.

"Dokta, programu yangu haifunguki. Inazunguka tu."

"Nilisema iwe wapi?"

"Ndani ya mashine, Dokta."

"Basi."

Hilo "basi" lilisikika ukumbi mzima. Ernest akashusha mkono. Loisi hakuinua kichwa. Alikuwa amezama, anapanga, anachambua, anachora, na tofali lake linafanya kazi bila kelele hata kidogo. Akamaliza swali la mwisho, akalirudia lote tangu juu, akatazama saa. Zilibaki dakika arobaini na tano. Betri ilikuwa bado na zaidi ya theluthi.

Alimwita Dkt. Wambura, kazi ikahamishiwa kwenye flashi ya mhadhiri. Angeweza kuondoka sasa, kichwa juu. Alipogeuka akamwona Ernest, mikono kaificha katikati ya mapaja, miwani imeingia ukungu. Nikuambie ukweli, wazo la kwanza la Loisi halikuwa la kikanisa. Tofali, eh? Kaa hapo sasa uone raha mustarehe. Lakini mtoto wa mwenzako akilia mbele yako, na wewe una mtoto wa makamo yake, utafanyaje?

"Mwalimu," akasema, "mimi nimemaliza. Nifutie kazi yangu humu ndani, halafu huyu kijana aitumie."

Dkt. Wambura akaivuta mashine kwake. Akafuta mwenyewe, akahakikisha mara mbili. "Dakika arobaini, Ernest. Utakachofanikiwa kufanya ndicho hicho."

Ernest alikuja akijikwaa. "Mama, mimi sijui niseme..."

"Usiseme, andika. Na ubonyeze taratibu, haijazoea kupigwa."

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki mbili, kwenye ubao wa korido, karibu na ofisi za wahadhiri. Loisi alikwenda mapema, kabla wengine hawajajaa, akiwa na Stara tu. Orodha ilikuwa imepangwa kwa alama, wa juu juu, wa chini chini. Akaanzia chini. Hakuwa na imani ya kuanzia kwingine. Kidole kikapanda katikati ya waliofeli, hayupo. Kikavuka mstari. Ernest alikuwa hapo hapo juu ya mstari, amepita kwa kukwaruza. Kidole kikaendelea kupanda, ukurasa wa pili, ukurasa wa kwanza. Hayupo, hayupo.

"Mama," Stara akanong'ona. "Angalia juu."

Ndahani, Loisi Y. Wa tatu.

Alisoma tena. Akahakikisha na namba ya usajili, tarakimu moja moja. Wa tatu, kati ya watu zaidi ya mia mbili.

Kwa desturi mtu hajipigii kigelegele. Unapigiwa, na shangazi, na wifi, na majirani, wewe unasimama katikati unaona haya kidogo. Lakini shangazi walikuwa Kibaigwa, mawifi walikuwa Kibaigwa, na ile korido ilikuwa imepoa kama kanisa siku ya Jumanne. Loisi alitazama kulia, akatazama kushoto. Machozi yalikuwa yameshaanza bila ruhusa. Akarudisha kichwa nyuma, akaweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele kirefu, chembamba, kilichokwenda hadi mwisho wa korido kikarudi.

Milango ikafunguka. Vichwa vikachungulia. Dkt. Wambura akatoka ofisini na kalamu mkononi, macho yamemtoka.

"Kuna nini? Nani anaolewa?"

"Haolewi mtu, mwalimu!" Loisi akasema, anacheka na kulia kwa wakati mmoja. "Ni mimi! Nimefaulu!"

Akapiga cha pili. Safari hii Stara alikidakia, na mama mmoja mfagiaji aliyekuwa ngazini, asiyemjua Loisi wala takwimu, akatupa ufagio chini akaitikia.